Kroasanti za nyumbani katika joto la Lamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wanaoniuliza kuhusu kroasanti, ule mkate mdogo wa tabaka za siagi wenye umbo la mwezi mchanga, ni watu wenye mkono mzuri. Mahamri yao yanafura, chapati zao zinaachana tabaka kwa tabaka, halafu kroasanti inawashinda na wanajilaumu. Mimi nasema tatizo haliko mkononi. Mapishi yaliyoandikwa Ulaya yakisema "acha kwenye joto la chumba", yanamaanisha chumba cha nyuzi 20 hivi. Jikoni kwangu, mtaa wa Langoni, mchana wa Februari, kipimajoto kinaonyesha 31. Siagi ikifika nyuzi 32 hadi 35 imekuwa mafuta matupu, na kabla ya hapo imeshalainika kiasi kwamba haiwezi kukaa tabaka. Kwa hiyo karibu kila jibu hapa chini linarudi kwenye swali moja: siagi yako ina joto gani wakati huu?

Kipimo unachotumia ni kipi?

Unga wa ngano gramu 500, maji na maziwa baridi nusu kwa nusu jumla mililita 280, sukari gramu 60, chumvi gramu 10, hamira ya chembechembe gramu 8, siagi gramu 40 ya kukandia, na siagi gramu 250 ya kukunjia ndani, yaani bamba lake hufungwa ndani ya donge, kisha donge husukumwa na kukunjwa kwa tatu kama barua, mara tatu. Yai moja la kupaka juu. Hutoa kroasanti 16 za wastani. Tumia mizani, kikombe cha unga cha huyu na cha yule havilingani, na hapa tofauti ya gramu 40 inaonekana.

Maji yasimwagwe yote mara moja. Unga uliokaa dukani kisiwani umeshavuta unyevu wa bahari, kwa hiyo bakisha mililita 20 uone donge linataka nini. Na onja maji yako kwanza. Visima vingine vya hapa vina chumvi chumvi, na chumvi ikizidi hamira inazembea. Mimi natumia maji ya jabia, yale ya mvua yaliyohifadhiwa, yaliyochemshwa na kupoa, au ya chupa.

Siagi yote imevuja, kroasanti zinakaangika kwenye trei. Nimekosea wapi?

Hili ndilo swali la kwanza kwa wingi, na lina majibu mawili yanayopingana, ndiyo maana watu wanarekebisha upande usiofaa.

Jibu la kwanza: zimeumukia mahali pa joto. Mara yangu ya kwanza nilizipandisha darini juani zikiwa zimefunikwa kwa kitambaa, vile vile ninavyofanya mahamri. Baada ya saa moja zilikuwa zimefura vizuri na nikafurahi. Nilipoinua moja ili niipange sawasawa, karatasi chini yake ilikuwa na duara la mafuta, na kidole changu kilitoka kinang'aa. Tabaka zilikuwa zimekwisha kabla oveni haijawashwa. Mahamri hayana siagi ya kukunjia, ndiyo maana jua haliyadhuru. Kroasanti haifai kuumukia penye zaidi ya nyuzi 26 au 27.

Jibu la pili: hazijaumuka vya kutosha. Ukizitia ndani ya oveni zikiwa bado ngumu, unga unashindwa kutanuka haraka, siagi inayeyuka bila mahali pa kukaa, inatoka. Wengi hawaamini hili kwa sababu wanadhani kuvuja ni joto tu.

Namna ya kujua ni ipi iliyokupata ni kutazama karatasi kabla ya kuoka. Ikiwa ina madoa ya mafuta tangu hapo, ni joto la kuumulia. Ikiwa ni kavu kabisa, na mafuta yametokea ndani ya oveni, umezitia mapema, au oveni haikuwa na moto wa kutosha mwanzoni. Siagi kidogo chini ya kroasanti ni kawaida. Ziwa la siagi si kawaida.

Sasa niziumulie wapi, kama nyumba nzima ni joto?

Kwenye kasha la barafu, lile ambalo wavuvi hutilia samaki, lakini liwe jipya au lisilowahi kuona samaki. Siagi inanusa kila kitu na inakumbuka. Tia chini chupa mbili za maji zilizogandishwa zikiwa zimeviringwa taulo, weka trei juu ya kijiti au bakuli ili isigusane nazo, tia kipimajoto, funika. Nusu saa ya kwanza fungua mara moja uangalie: ukikuta 24 hadi 26 uko sawa. Ikiwa 21, toa chupa moja. Hesabu saa mbili mpaka tatu.

Wakati wa kusi, hasa Julai na Agosti, mimi huacha kasha kabisa. Chumba cha chini cha nyumba ya mawe, chenye ukuta mnene, usiku kinatosha. Wakati wa kaskazi hata usiku haufai.

Nitajuaje zimekuwa tayari?

Usitazame saa. Tikisa trei kidogo: kroasanti zinatetemeka zote kama jeli. Ukizitazama ubavuni unaona tabaka zimeanza kuachana. Zimekuwa kubwa karibu mara moja na nusu, hata zaidi kidogo. Ukigusa kwa kidole chenye unga, alama inarudi polepole na haijai yote. Ikirudi upesi, ngoja. Isiporudi kabisa, umepitiliza, zioke haraka. Zitakuwa bapa kidogo lakini zinalika.

Nikisukuma, siagi inakatika vipande vipande ndani. Naona madoadoa kama ya chui.

Hapa umefanya kinyume: siagi imekuwa baridi mno. Ikitoka friji kwenye nyuzi 4 inavunjika kama kigae, wakati unga unaoizunguka bado unanyooka. Unga unaenda, siagi inabaki, na palipobaki pengo hakutakuwa na tabaka.

Siagi ya kukunjia inatakiwa iwe baridi lakini ipinde, nyuzi 13 hadi 15 hivi. Kipimo changu ni cha mkono: kata ukanda mwembamba, uzungushe ukingoni mwa meza. Ukipinda bila kupasuka, anza. Ukipasuka, bado. Ukiacha alama ya mafuta mezani, umechelewa, rudisha friji. Ulaya wanaiacha nje nusu saa. Hapa kwetu dakika tano mpaka nane zinatosha, kwa hiyo simama karibu nayo. Kuisaidia, iweke katikati ya karatasi mbili uipigepige kwa fimbo ya kusukumia mpaka iwe bamba la mraba la sentimita 18 kwa 18. Kupiga kunailainisha bila kuipasha moto, na ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote.

Madoadoa yakishatokea, acha donge mezani dakika chache, kisha endelea taratibu. Hayaondoki yote, lakini hayataongezeka.

Donge linajirudi kila nikisukuma.

Limechoka, lipumzishe. Ukipumzisha madonge ya chapati kabla ya kusukuma unafanya jambo hilo hilo: nyuzi za unga zilizokazika zinalegea. Friji dakika 40, au saa nzima mara ya mwisho kabla ya kukata. Na angalia ulivyokanda mwanzoni. Huu si unga wa kukandwa mpaka jasho. Dakika nne au tano zinatosha, donge likiwa limeshikana hata kama si laini sana, kwa sababu kule kukunja na kusukuma mara tatu nako ni kukanda. Ukilazimisha donge linalokataa, ukali wa mkono wako ndio unaopasua tabaka.

Nimekata katikati nimekuta mkate. Yale matundu kama sega la nyuki hayapo.

Matundu yale yanatokana na mvuke. Siagi ina maji, asilimia 16 hivi, na unga nao una maji. Moto ukiyafikia yanakuwa mvuke unaoinua kila tabaka, na siagi iliyo katikati inazuia tabaka zisishikane tena. Siagi ikishazama ndani ya unga, kilichobaki ni mkate wenye siagi nyingi, mtamu, lakini si kroasanti.

Kwa hiyo jiulize siagi ilizama lini. Mara nyingi ni kwenye kukunja kwa mara ya pili au ya tatu, pale mtu anapoona kazi inakwenda vizuri na kuamua asirudishe friji. Fanya hivi: kila ukikunja, kata ukingo mwembamba kwa kisu kikali utazame ubavu. Unapaswa kuona mistari, njano na nyeupe, njano na nyeupe, kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Mistari ikiwa hafifu, simama hapo hapo, friji saa moja. Kukunja kwa tatu mara tatu kunakupa tabaka 27 za siagi, na hizo zinatosha. Nimeona watu wakiongeza mara ya nne na ya tano wakidhani tabaka nyingi ni bora. Zinakuwa nyembamba mno, zinaungana, unarudi kwenye mkate.

Meza nayo ina joto lake. Ya kwangu ni ya saruji, na mchana ni ya moto. Naweka mifuko ya barafu juu yake dakika kumi, nafuta maji mpaka pakauke, ndipo nasukuma. Ukiweza weka hata unga wako friji tangu usiku, na ukandie maji ya barafu. Donge likitoka kwenye kukandwa likiwa nyuzi 23 au 24 umeshashinda nusu ya safari.

Majarini je? Na samli?

Majarini ya kupaka mkate haifai. Watu wengi tunaiita siagi, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia, soma pakiti. Imetengenezwa iwe laini hata ikitoka friji, kwa hiyo haikai tabaka. Ipo majarini ngumu ya waokaji, inayoyeyuka kwa joto la juu zaidi, na kwa joto letu inarahisisha kazi kweli. Simlaumu anayeitumia kujifunzia kukunja. Lakini kwa sababu haiyeyuki vizuri kwa joto la mwili, inaacha utando kwenye kaakaa, na harufu ya siagi haipo.

Samli naipenda kwenye chapati na kwenye pilau. Hapa haiwezi, maana maji yake yameshachemshwa yakaisha, hakuna mvuke, na kwa joto letu ni laini kama uji. Tafuta siagi isiyo na chumvi, yenye mafuta asilimia 80 au 82.

Unga upi?

Ule wa kawaida wa ngano, mweupe, usiotiwa baking powder. Soma protini kwenye pakiti. Gramu 11 au 12 kwa kila gramu 100 ni nzuri. Uchekeche, kwa ajili ya fukusi.

Nje zimeungua, ndani mbichi.

Oveni nyingi za gesi tulizo nazo zina moto wa chini tu, na namba za kwenye kitasa hazisemi kweli. Nunua kipimajoto cha kuweka ndani ya oveni. Washa dakika 25 kabla. Anza na nyuzi 200 kwa dakika nane au kumi bila kufungua mlango, kisha shusha 175 umalizie dakika kumi mpaka kumi na mbili. Chini kukiungua, bebanisha trei mbili na upandishe rafu. Na usizitoe zikiwa na rangi ya dhahabu iliyopauka. Zisubiri mpaka ziwe za rangi ya asali nyeusi, hata kwenye mikunjo ya pembeni, kwa sababu mikunjo ndiyo inayobaki mbichi. Zikipoa dakika 20 kwenye waya ndani kunamalizika kuiva. Anayekata ya moto anaona utando wa unga na kudhani hazijaiva.

Sina oveni. Moto juu na chini kama mkate wa kumimina unafaa?

Unafaa kwa chache, nne kwa mara moja. Sufuria kubwa nzito, mchanga mkavu chini kama sentimita mbili, vijiwe vitatu, sahani ya bati juu yake, mfuniko, makaa. Makaa mengi yawe juu na machache chini. Ipashe dakika 20 kabla hujaweka kitu. Aliyezoea kuoka mkate wa kumimina ana faida kubwa hapa, kwa sababu ameshajua kusikiliza moto. Pande hazitakuwa kavu kama za oveni, ila tabaka zitapanda.

Stima imekatika katikati ya kazi!

Friji isipofunguliwa hushika baridi saa nne hivi. Kwa hiyo donge likiwa ndani, liache ndani, usichungulie. Likiwa mezani, liviringishe kwa nailoni mara mbili tatu, kisha kwenye kasha lenye barafu. Barafu ya bandarini ni nzuri na hupatikana, lakini iwe ndani ya mfuko uliofungwa. Nilipoteza donge zima kwa harufu ya samaki iliyoingia kwenye siagi usiku mmoja wa namna hii, na hakuna kitu kinachoitoa. Tangu siku hiyo chupa nne za maji hukaa friza kwangu wakati wote.

Stima ikikatika zikiwa zimeshakatwa na kuviringwa, na unayo gesi, ziumulie na uzioke. Kusubiri hakutakusaidia.

Nataka ziwe za moto wakati wa daku, na mchana nimefunga. Nipange vipi?

Ramadhani ndiyo napenda kuzioka kuliko wakati wowote, kwa sababu nyumba iko macho saa ambazo jikoni kumepoa. Punguza hamira iwe gramu 5. Baada ya tarawehe kanda donge, liweke friji. Ukishasali alfajiri, kunja mara tatu, kila mara ukilipumzisha friji, kabla jua halijapanda. Kama saa tatu asubuhi sukuma liwe unene wa milimita 4, kata pembetatu za msingi sentimita 9 na urefu sentimita 24, viringa, mkia uwe chini. Funika, friji mpaka usiku. Saa sita ya usiku zitoe uziweke kwenye kasha. Saa tisa zitakuwa zinatetemeka. Paka yai, oka.

Yai lipakwe juu tu, kwa brashi nyepesi. Likiteremka kwenye kingo za tabaka linazigundisha, na hapo zinapanda upande mmoja zikilemaa upande mwingine.

Tui la nazi badala ya maziwa? Iliki?

Tui jepesi ndiyo, ladha yake ni nzuri mno. Tui zito hapana, kwa sababu mafuta ya nazi huganda kwa nyuzi 24 hivi, na donge likikaa friji linakuwa gumu linalopasuka. Iliki iliyosagwa nusu kijiko cha chai, kwenye unga. Watakaokuja na hoja kwamba Mfaransa hatii iliki, waambie jina lenyewe croissant maana yake ni mwezi mchanga, hilali, na asili yake si Paris bali ni mkate wa Vienna, Austria, uitwao Kipferl, uliopelekwa Ufaransa na Mwaustria August Zang mwishoni mwa miaka ya 1830. Huko nako ulibadilika.

Malindi wanaiita brioche. Ni kitu kimoja?

Karibu. Malindi ina Waitaliano tangu miaka ya 1960, na kaskazini mwa Italia kroasanti ya kunywea kahawa huitwa brioche. Kusini huitwa cornetto. Ya kwao kwa kawaida ina yai na sukari zaidi na siagi kidogo, kwa hiyo ni laini zaidi, na inamsamehe mwokaji. Anayeanza na anayeogopa aanze na hiyo. Lakini brioche ya Ufaransa ni mkate wa mayai na siagi usiokunjwa kabisa, usije ukafuata kipimo chake ukashangaa.

Asubuhi zilikuwa kavu, jioni zimekuwa kama sponji.

Ni hewa ya bahari. Usizifungie kwenye plastiki zikiwa na uvuguvugu. Oveni nyuzi 165, dakika sita, zinarudi. Za kuweka muda mrefu, zigandishe mbichi mara tu ukishaviringa, na siku ya kuoka zihamishie friji usiku kucha, kisha ziumue kama kawaida. Wiki mbili tatu ni sawa. Baadaye hamira inadhoofika.

Vipande vya pembeni nivifanyeje?

Usivifinyange tena viwe donge, tabaka zitavurugika. Vipange kimoja juu ya kimoja kwenye vikombe vya kuokea, nyunyiza sukari na iliki, viumuke na wenzake, vioke. Watoto wa mtaani kwetu hugombea hivyo kabla ya kroasanti zenyewe.